Reli ya Jikoni

Paa la jiko la mama lilishikwa na kipande cha reli. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba kuna majiko yanayoshikwa na miti. Mtaani kwetu Kindu, nyuma ya karakana ya treni, karibu kila nyumba ilikuwa na chuma chake: huyu amekifanya kizingiti, yule nguzo ya baraza, jirani yetu amelaza viwili chini ya pipa lake la maji. Vyote vilitoka kwenye njia moja nyembamba ambayo zamani iliingia msituni kuchukua kuni za kulisha magarimoshi na meli za mtoni. Zilipokuja injini za mafuta, kuni hazikuhitajika tena na njia ikaachwa. Nyasi ziliifunika, na watu wa reli, baba yangu akiwemo, wakaifungua kipande kwa kipande. Baba alikuwa mkubwa wa kikosi kilichokuwa kikiitengeneza njia hiyo. Alisema bosi wake wa wakati ule aliwaruhusu kwa mdomo, na sisi tulimwamini, ingawa mdomo hauna muhuri.

Kila Idi ndogo, tukitoka kusali, baba alitusimamisha mimi na kaka yangu tuiegemee nguzo ile, visigino vikigusa chuma, kisha akakata alama usawa wa utosi kwa msumeno wa chuma. Alama zangu zilikuwa upande wa kulia, za kaka upande wa kushoto. Nilichukia sauti ya msumeno sikioni lakini nilipenda kujua nimerefuka. Kaka alinitangulia daima, akanicheka daima, mpaka mwaka surua ilipopita mtaani ikamchukua. Alama zake zikakomea hapo. Zangu zilimpita, zikapanda mpaka siku niliyosema mimi ni mwanamke mzima na sipimwi tena.

Baba naye alipofariki, mama alibaki na desturi yake. Asubuhi ya Idi alichovya kidole kwenye mafuta ya mawese akaipaka ile alama ya mwisho ya kaka, kutu isiile. Alipaka hiyo moja tu. Siku nyingine, akiingia na sufuria mkononi, aliigusa kwa kiwiko, na nadhani mwenyewe hakujua kwamba anaigusa.

Hayo yote hayakuwa siri wala kosa mpaka Jumamosi moja ya salongo. Salongo ilikuwa ile kazi ya lazima ya kila wiki, wakati wa Zaire ya Chama kimoja, ambapo mtaa mzima ulitoka na majembe kufagia, kufyeka na kuzibua mifereji, na asiyetoka alijieleza. Siku hizo nilikuwa nimerudi kwa mama kutoka kwenye ndoa nisiyotaka kuizungumzia, nikishona kwa cherehani barazani. Jirani yetu mwenye pipa la maji ndiye aliyekuwa shefu wa kartye, yaani mkubwa wa mtaa kwa niaba ya Chama. Alipanda juu ya jiwe, akatuita wasitwaye, yaani wananchi, kama Chama kilivyoagiza:

"Wasitwaye, musikie. Watu wa televizyo wanatoka Kinshasa. Wako nafanya emisyo ya historia ya reli, na zile njia zenye zilipotea. Wanataka kuona ile njia yetu ya kuni. Wiki inakuja tutafyeka kule kwote. Na kila muntu mwenye anajua kitu juu ya ile njia, mukubwa ao mudogo, ajitokeze."

Hakuna aliyejitokeza. Watu waliangalia majembe yao. Mtu wa nje angeshangaa, kwani habari yenyewe ilikuwa ya heri: watu wa picha wanakuja kutupiga picha kwa emisyo, kipindi chao cha televisheni. Lakini sisi tulikuwa na uzoefu wetu. Walikuja watu kuhesabu baiskeli, ikafuata kodi ya baiskeli. Walikuja watu kuuliza nani ana noti kubwa nyumbani, na noti hizo zikafa mikononi mwetu. Kwa hiyo mtu akitoka Kinshasa na mashine, akauliza kitu cha serikali kilipotelea wapi, mtaa wetu haukuona televisheni. Uliona upelelezi uliovaa televisheni, na nguzo za baraza zetu zote zikageuka ushahidi.

Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeshasikia kwamba kila mwenye chuma atapelekwa gereza la Kasapa, huko Lubumbashi, kwa treni hiyohiyo. Nani alisema? Kila mtu alimsikia mwingine. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliingia jikoni nikamkuta mama anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, tuko nalala na mali ya Leta ndani ya nyumba," nilimwambia. Leta ndiyo serikali, kwetu, na neno hilo husemwa kwa sauti ya chini.

"Baba yako hakuiba."

"Karatasi iko wapi?"

Alionyesha nguzo kwa kidevu. "Karatasi njo ile."

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wakati ule zilikuwa karibu zaidi. Nilimwambia kwamba mjane wa reli anaishi kwenye nyumba ya reli, kwamba wakimkuta na chuma watamtoa kwanza kwenye nyumba halafu ndipo wamfunge, na kwamba mimi sitapeleka chakula gerezani kwa sababu ya nguzo. Aliendelea kuchambua majani. Aliponijibu hakunitazama.

"Wanifunge. Ile chuma haitoke."

Siku tatu au nne hatukusemezana ila kwa mambo ya chumvi na maji. Wakati huo mtaa ulikuwa umeshapata akili yake, na akili yenyewe, wallahi, sijaona mfano wake tena. Ukichimbia chuma, mchanga mbichi utakusema. Ukikitupa mtoni, utaonekana unakibeba kuelekea mtoni. Lakini kama kitu kimepotea na wenyewe wanakuja kukitafuta, kwa nini wasikikute pale walipokiacha? Irudishe njia kwenye njia. Tuta lake bado lilikuwepo, na Jumamosi tuliamriwa na Chama chenyewe kwenda kulifyeka.

Shefu wa kartye hakusema ndiyo wala hapana. Alikuja tu kwetu Ijumaa baada ya sala, akamsalimia mama kwa heshima zote, akakaa kwenye kigoda na kutazama paa.

"Mama, mi pipa yangu nilisha itelemusha chini," alisema. "Ile vyuma yangu mbili iko nangojea kesho. Kama wa kwako unabaki peke yake mu kartye, wataona wa kwako tu."

Mama aliinua macho akaitazama nguzo. Kisha aliuliza kama kesho kuna wanaume wawili wa kubeba.

Tulitegemeza boriti kwa mti wa mkambala uliokuwa umenunuliwa haraka, tukaichimbua nguzo. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe, kwa sababu mama aliipaka chokaa kila mwaka pamoja na ukuta. Nusu ya juu ilikuwa nyeusi kwa moshi. Nilitaka kuikwangua ile chokaa kwa kisu, na kuzipiga tupa zile alama zife. Nilikuwa nimeshaishika tupa. Mama alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Beba chuma," alisema. "Mutoto wangu usimufute."

Basi ikabebwa hivyohivyo, ndani ya mzigo wa nyasi. Jumamosi ile, mchana kweupe, mtaa mzima ulipita mbele ya ofisi ya Chama umebeba mafungu ya nyasi marefu mno na mazito mno, wanaume wawiliwawili, jasho likiwatiririka, wakiimba nyimbo za kazi. Na walikuwa wanayapeleka mafungu hayo mahali pa kufyekea nyasi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, ila siku ile sikuthubutu hata kutabasamu. Mlinzi wa ofisi alitusifu kwa bidii.

Kule kwenye tuta vipande vililazwa kimoja mbele ya kingine. Havikulingana. Kimoja kilikuwa na rangi ya kijani ya mlango wa mtu, kingine kimefungwa waya wa kuanikia nguo, na mataruma yaliyopaswa kuvishika yalikuwa yameoza zamani au yamechomwa. Lakini ukisimama mbali na ukitaka kuamini, ilikuwa njia ya reli. Mama alichagua mwenyewe mahali pa kulaza yake, karibu na kalavati, alama zikitazama juu.

Watu wa televisheni walipofika na Komiseri wa zone, mkubwa wetu wa serikali, sisi wanawake tulikuwa tumepangwa mstari, tumevaa sare, tukicheza na kuimba sifa za Chama. Sare hizo nilizishona mimi. Mtangazaji alikuwa kijana wa Kinshasa, abakosi yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, ilikuwa safi, viatu vyake havikuwahi kukutana na tope. Alisema kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala, kwamba katika kila emisyo anaenda mahali palipokuwa na treni akaonyesha kilichobaki: daraja msituni, stesheni bila paa, mti umeota katikati ya njia. Alikuwa anataka mti. Aliangalia tuta letu lililofyekwa likang'aa, na reli juu yake, akaonekana kama mtu aliyealikwa msibani akamkuta marehemu anakunywa chai.

"Lakini hii njia haikupotea," alimwambia Komiseri.

Komiseri naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Nilimwona anatazama upande huu, anatazama upande ule, halafu kifua kikajaa. "Hapa kwetu," alisema, "wananchi wamelinda kila chuma cha nchi." Shefu wa kartye alipiga makofi wa kwanza. Tukapiga sote, na pale ndipo nilipoelewa, huku mikono ikiendelea kupiga, kwamba kijana yule hakuja kumtafuta mtu yeyote. Alikuja kupiga picha nyasi. Tungekaa nyumbani na nguzo zetu, asingeuliza kitu.

Sasa tulikuwa tumeshajitia kitanzi wenyewe. Mbebaji wa kamera alianza kutembea juu ya tuta, kamera imeinama, akipiga picha chuma baada ya chuma. Alipita kijani. Alipita waya. Alipofika kwenye kalavati alichuchumaa. Nilitoka kwenye mstari nikacheza mbele yake, nikatingisha kiuno kuliko nilivyowahi kutingisha kwenye harusi yangu mwenyewe, niifunike ile chokaa kwa kivuli na miguu. Alicheka, akanisogeza taratibu kwa mkono kama mtu anavyosogeza pazia, akaendelea. Kamera ilikaa pale muda mrefu.

Wakaenda zao. Tuliagizwa tusiguse kitu, kwa kuwa njia ile sasa ilikuwa fahari ya zone. Mama aliuliza mara moja tu kama tunaweza kuichukua yetu, nami nikamkatalia kwa ukali. Kama ningekuwa pale leo ningemkatalia tena.

Kanda ya video ililetwa baadaye kwa treni, na familia zote za reli zikaalikwa kuitazama kwenye serkle, ukumbi wa starehe wa wafanyakazi. Kualikwa maana yake ilikuwa kufika. Viti vya mbele walikaa Komiseri na wakubwa wa Chama, na kando yao mtu mmoja mwembamba wa usalama ambaye hakuna aliyejua kazi yake hasa, na kila mtu aliijua. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani akiuliza swali. Mama alivaa kitenge chake cha Idi. Nilimwambia asiseme neno.

Kwanza ulikuja uso wa Rais ukitoka mawinguni, tukasimama, tukakaa. Kisha treni za zamani, na watu waliopiga nyundo kwenye jua, na sauti ya mtangazaji ikieleza. Kisha Kindu. Watu walishangilia kuiona stesheni yao. Kisha tuta letu, na shangwe ikafa ghafla, maana kwenye kioo kile vyuma vilikuwa karibu kuliko tulivyowahi kuviona. Chuma cha mlango wa kijani kilipita, na mwenye nacho, mbele yangu, aliinamisha kichwa. Waya wa kuanikia ulipita, na kipande cha kibanio cha nguo kikiwa bado kimening'inia. Nilisikia mtu anamwomba Mungu kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiluba. Kisha ikaja nyeupe kwa nyeusi, na juu yake alama za msumeno, zimepangwa kama ngazi upande huu na upande huu, na moja kati ya hizo ikimeta mafuta.

"Simamisha," alisema mtu wa usalama. "Rudisha nyuma."

Wakarudisha. Ikaja tena. Wakaisimamisha, picha ikawa inatetemeka. Alivua miwani, akageuka kututazama.

"Reli ya treni inapakwaka chokaa? Hizi alama ni za nini?"

Shefu wa kartye alikuwa ametoa leso anajifuta shingo. Nilikishika kitenge cha mama kwa chini, nikakikunja kwenye ngumi yangu, kwa sababu nilishausikia mwili wake unataka kuinuka. Akainuka. Kitenge kilinitoka mkononi.

"Ni za bwana yangu, baba," alisema. "Alikuwa shefu wa ekipi ya ile njia. Alikata kwa mukono yake."

"Alikuwa anapima nini?"

"Mutoto."

Watu waligeuka. Nilijua tumekwisha; niliiona nyumba, niliona cherehani yangu imewekwa barabarani. Mtu wa usalama alimtazama mama muda, miwani mkononi.

"Mutoto alipimwa ku reli?"

"Baba yake kazi ilikuwa ile. Kila Idi alimupima pale. Hii njo ya mwisho." Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kioo, ingawa alikuwa mbali nacho.

"Na huyo mutoto, iko wapi?"

"Alikufa, baba. Surua."

Hakudanganya hata neno moja. Hakusema tu nguzo ile ilikuwa wapi, na hakuna aliyemuuliza. Mtu yule alifungua mdomo, na mimi mpaka leo nadhani alikuwa na swali hilohilo tayari. Lakini mama aliwahi.

"Murudishe tena," alimwambia. "Naomba. Mbele ya kuendelea, murudishe tena niangalie."

Hakuna aliyewahi kumwamuru mtu yule jambo katika mji wa Kindu. Alivaa miwani. Akamwashiria mwenye mashine, na kanda ikarudi nyuma ikilia, ikaja ile nyeupe, ikaja ile nyeusi, ikaja alama. Mama aliitazama mpaka ikapita, akasema ahsante, akakaa. Komiseri alikohoa, akasema hawa ndio wajane wa reli yetu, na ukumbi ukapiga makofi kwa nguvu za watu walioponea chupuchupu.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini Kinshasa nako walikuwa wameitazama ile emisyo, na mtu huko aliona chuma kizuri kimelala bure. Lilikuja behewa la wazi, wakapakia vyote, kijani na waya na nyeupe, na behewa likaondoka kuelekea kusini. Hapo ndipo njia ya kuni ilipopotea kweli.

Ilibaki kanda. Sikukuu za Chama waliionyesha serkle, kwa kuwa hawakuwa na nyingine inayotutaja, na mama hakukosa. Yeye ambaye zamani aliikimbia salongo kwa kisingizio cha mgongo, alikuwa wa kwanza kufika, akakaa karibu na kioo. Watu walimsifu kwa kuipenda nchi. Alingojea zile picha mbili tatu za chuma chetu, zikishapita aliniambia twende.

Mpaka sikukuu moja walipoiweka kanda ukaja mpira. Mtu alikuwa amerekodia mechi juu yake. Vijana walishangilia. Nilimgusa mama bega tuondoke, akanikatalia kwa kichwa. Aliitazama mechi yote mpaka filimbi ya mwisho, na hata kioo kilipobaki na mvua nyeupe alikaa bado, hadi mwenye mashine akaizima.

Idi iliyofuata nilimkuta jikoni, kidole kimechovywa kwenye mawese, amesimama mbele ya ule mti wa mkambala uliokuwa umeshika paa sasa. Aliuegemea, akajipima kwa mkono wa kushoto kutoka bega kushuka.

"Alikuwa ananifika hapa," alisema, na akapaka.

Lakini mama alikuwa ameshapungua kwa uzee. Nilikuwa nikimfupishia magauni mwenyewe. Alama ilikuwa chini ya ile ya zamani kwa kiganja kizima. Nilisema ndiyo, ni hapohapo.